Tarakimu Moja Katika Daftari la Ubatizo



Juma lililopita tulipata mgeni ofisini. Alikuwa mzee mmoja wa kigango cha mbali kidogo na mji wa Kasulu, mkulima wa mahindi na maharage, mtu wa heshima katika jumuiya yake. Alikuja kwa miguu tangu alfajiri, suruali yake ikiwa nyekundu kwa vumbi hadi magotini. Baada ya salamu ndefu, kama ilivyo desturi ya Waha, akafungua mfuko wa nailoni, akatoa cheti cha ubatizo cha kijana wake wa mwisho, akakiweka mezani na kukinyoosha kwa kiganja.

“Padri,” akasema kwa sauti ya chini, “ni tarakimu moja tu. Saba iwe tisa.”

Kijana amezaliwa mwaka 2007. Mzee alitaka tuandike 2009. Yupo bwana mmoja aliyefika kijijini akamwona kijana akicheza katika mashindano ya kugombea mbuzi, akasema kwamba kiungo wa namna ile hajamwona mkoani kote, na kwamba angempeleka Dar es Salaam katika mchujo wa vijana, mradi umri wake usomeke kuwa chini ya miaka 17. Gharama ya safari na ya “kufungua faili” ingetoka kwa mzazi. Mzee alikuwa ameshapata mteja wa nusu ya shamba lake. Kilichobaki kilikuwa cheti.

Tulikataa. Mzee akakikunja cheti chake polepole, akaaga kwa adabu, na Dominika iliyofuata hakuonekana kanisani. Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza kama tulimkatalia vema, maana ni jambo moja kukataa, na ni jambo lingine kumfanya mtu aelewe kwa nini amekataliwa. Tafakari ya juma hili ni jaribio la kumjibu yeye, na wazazi wengine wa Kasulu na Kibondo ambao pengine wanalo wazo kama lake.

Tuseme kwanza kwamba hatuudharau mpira. Mtu aliyeishi katika nyanda hizi za juu za Kigoma anajua maana ya saa kumi na moja jioni, watoto wanapotoka shambani na shuleni, wakakutana kwenye uwanja ulioinama upande mmoja, na mpira uliofungwa kwa mifuko ya plastiki na kamba za migomba. Pale mtoto hujifunza kungoja, kutoa pasi, na kukubali kushindwa mbele ya watu. Wala ndoto ya kufika mbali si ya kipuuzi. Nestory Irankunda, anayeichezea timu ya taifa ya Australia, alizaliwa mwaka 2006 katika kambi ya wakimbizi humu humu mkoani Kigoma, wazazi wake wakiwa wamekimbia kutoka Burundi. Wazee wetu nao wanamkumbuka Sunday Manara, yule waliyemwita Kompyuta, aliyeifungia Yanga bao la ushindi dhidi ya Simba katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza, Agosti 1974, na ambaye miaka michache baadaye alikwenda kusakata kandanda Uholanzi katika klabu ya Heracles. Njia ipo, na imepitwa. Swali ni jinsi inavyopitwa.

Kwa kuwa kijana wa mzee wetu ni kiungo, tumependa kumtazama kiungo mmoja wa Afrika Mashariki ambaye safari yake ya uchezaji imekwisha, hata tunaweza kuiona yote, mwanzo na mwisho. Naye ni McDonald Mariga wa Kenya.

Mariga alizaliwa Nairobi mwaka 1987, mtoto wa Noah Wanyama, ambaye mwenyewe aliichezea AFC Leopards. Mdogo wake, Victor Wanyama, naye alikuwa kiungo, na mwaka 2013 alipojiunga na Southampton akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Nyumba ile, basi, haikuwa ngeni kwa mpira. Hata hivyo, safari ya Mariga haikuanzia mahali pakubwa. Mwaka 2005 alikwenda Sweden, katika klabu ndogo ya Enköping, kisha akachukuliwa na Helsingborg, alikocheza pamoja na Henrik Larsson aliyekuwa amerejea nyumbani kutoka Barcelona. Mwaka 2007 akahamia Parma ya Italia. Msimu wake wa kwanza huko ulikwisha vibaya, maana mwaka 2008 Parma ilishuka daraja. Mkenya huyo alibaki akacheza daraja la pili, na mwaka 2009 timu ikapanda tena.

Tunaomba msomaji aitazame hesabu hiyo vizuri. Tangu alipotoka nyumbani hadi alipoanza kutajwa na watu, ilipita miaka kama minne ya baridi, ya lugha za watu, ya viwanja visivyojaa na ya daraja la pili. Wale wanaowaambia vijana wetu kwamba mchujo wa siku tatu Dar es Salaam utawapeleka Ulaya hawaisimulii miaka hiyo.

Kisha ukaja Januari 2010. Manchester City ya Uingereza ikamtaka. Bei ikazungumzwa, na magazeti ya Nairobi yakaandika kwa furaha. Lakini kibali cha kazi kikakwama. Sheria ya Uingereza wakati ule ilimtaka mchezaji wa nje atoke katika nchi iliyo ndani ya 70 bora katika orodha ya FIFA, na Kenya ilikuwa mbali na nafasi hiyo. Hata Waziri Mkuu wa Kenya wa wakati huo, Raila Odinga, aliingilia kumwombea. Wakati mambo yakivutana, Inter Milan wakawahi, na mwanzoni mwa Februari Mariga akawa mchezaji wao.

Mtu mzima, mwenye kipaji kilichothibitishwa, aliyetakiwa na klabu yenye fedha nyingi na kuombewa na Waziri Mkuu, alizuiliwa na karatasi. Wala karatasi zake hazikuwa na uongo wowote! Je, ingekuwaje kama zingekuwa na uongo? Mpira wa kulipwa, ndugu wasomaji, huonekana kuwa mambo ya miguu, lakini unaishi katika makabati ya ofisi: pasipoti, cheti cha kuzaliwa, mkataba, kibali, vipimo vya hospitali. Kila mlango una mtu anayesoma tarehe.

Huko Inter alimkuta kocha Mreno, José Mourinho, na msimu ule timu ikatwaa mataji matatu: ligi ya Italia, kombe la Italia, na Ligi ya Mabingwa wa Ulaya. Machi 2010 Mariga aliingia kutoka benchi katika mchezo dhidi ya Chelsea jijini London, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi ya Mabingwa. Tarehe 22 Mei 2010, huko Madrid, Inter iliifunga Bayern Munich mabao 2-0, yote mawili yakiwa ya Diego Milito. Mariga siku ile alikuwa benchi. Hakuingia uwanjani hata dakika moja, na medali alivaa.

Wapo waliomcheka kwa hilo. Sisi tunaona tofauti. Kazi ya kiungo, hasa yule wa kukaba, ni kazi isiyoimbwa. Huziba pengo ambalo beki ameliacha, hukimbia mbio ambazo hazimalizikii kwenye mpira, hupokea pasi mbaya na kuitoa ikiwa nzuri. Mashabiki husema “leo hakuonekana,” kumbe hakuonekana kwa sababu hakuna kilichoharibika upande wake. Naye anayekaa benchi akiwa tayari, akifanya mazoezi juma zima ili mwenzake asilale, ni sehemu ya timu. Parokia zetu zinasimama kwa watu wa namna hiyo: mama wa WAWATA anayefagia kanisa Ijumaa, katekista anayetembea kilomita kumi kwenda kigangoni, mwalimu anayebaki na watoto wazito wa kuelewa. Kijana anayetaka kuwa kiungo na aitamani kazi hiyo, asitamani picha tu.

Desemba mwaka ule ule Inter ilitwaa Kombe la Dunia la Vilabu huko Abu Dhabi, na timu iliyoshindwa katika fainali haikutoka Amerika ya Kusini, ilikuwa TP Mazembe ya Lubumbashi, ng'ambo hii ya ziwa letu, klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali hiyo. Matokeo yalikuwa 3-0. Watu wa kwetu walio na ndugu Kongo watakumbuka furaha na uchungu wa siku ile.

Baada ya hapo mlima ukaanza kuteremka. Mariga aliumia goti, akapelekwa kwa mkopo Real Sociedad ya Hispania mwaka 2011, akarudi Parma, akaumia tena. Parma yenyewe ilitangazwa kufilisika mwaka 2015. Akahamia Latina, nayo ikafilisika mwaka 2017. Akajaribu tena Hispania katika klabu ya Oviedo. Mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 32, hakuwa tena uwanjani. Alikuwa Nairobi akigombea ubunge wa Kibra katika uchaguzi mdogo, akiwa mgombea wa Jubilee.

Na hapo karatasi ikarudi. Tume ya uchaguzi ilikataa kwanza jina lake kwa sababu halikuonekana katika daftari la wapiga kura, kwa kuwa alikuwa amejiandikisha siku chache tu kabla. Alikata rufaa, akaruhusiwa. Tarehe 7 Novemba 2019 alishindwa na Imran Okoth wa ODM, na kabla hesabu haijakamilika alimpigia simu mshindi kumpongeza. Miaka mitano baadaye, Desemba 2024, alichaguliwa kuwa makamu wa rais wa Shirikisho la Mpira wa Miguu la Kenya, pamoja na rais Hussein Mohammed. Kwa hiyo leo yumo miongoni mwa wale wenye dhamana ya mpira wa nchi yake, wakati Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa uenyeji wa pamoja wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027.

Kwa nini tumesimulia yote haya? Kwa sababu mzee wetu aliamini kwamba anamnunulia mwanawe maisha. Ukweli ni kwamba hata kwa yule aliyefika juu kabisa, maisha ya uchezaji huko Ulaya yalikuwa miaka kama kumi na minne, na ndani yake mna kushuka daraja, upasuaji, klabu mbili zilizofilisika, na benchi usiku wa fainali. Baada ya miaka 32 bado ilibaki miaka mingi ya kuishi, na katika miaka hiyo mtu hasaidiwi tena na mguu wake. Husaidiwa na jina lake, na jinsi alivyokubali kushindwa. Kijana anayeanza safari kwa tarehe ya uongo anaanza kwa kuliuza jina hilo.

Tena uongo huo hausaidii hata kidogo. Mzee aliamini kwamba cheti kikibadilika, mambo yamekwisha. Sivyo. Tangu Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 la mwaka 2009 huko Nigeria, FIFA imekuwa ikitumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono. Mashine hupiga picha mahali ambapo mfupa wa mkono unaendelea kukua. Kama mfupa umeshaungana kabisa, kijana huondolewa, hata kama ana vyeti kumi. Kiungo cha mwili hakiombi ruhusa kwa padri wala kwa mwenyekiti wa kijiji. Husema umri wake chenyewe.

Nchi yetu imeonja pande zote mbili za jambo hili. Mwaka 2005 vijana wetu wa Serengeti Boys walikuwa wamefuzu kwenda Gambia katika mashindano ya Afrika ya chini ya miaka 17, wakaondolewa kwa kosa la kumchezesha aliyezidi umri, na nafasi yao ikachukuliwa na Zimbabwe. Timu nzima ilibaki nyumbani kwa ajili ya tarehe ya mmoja. Mwaka 2016 Kongo Brazzaville walitutoa kwa kanuni ya bao la ugenini. Tanzania ikakata rufaa juu ya umri wa mchezaji wao mmoja, naye hakufika kupimwa, na mwaka 2017 ni sisi tuliokwenda Gabon. Siku ile tulishangilia haki. Haiwezekani kuishangilia haki inapotupeleka Gabon na kuikwepa inapokaa katika kabati la parokia.

Sasa tukiri jambo, maana si vema kumhubiria mzee wetu kana kwamba sisi hatukuwahi kuteleza. Miaka kadhaa iliyopita, tukiwa katika utume upande wa Kibondo, tuliwahi kuletewa cheti kilichokwisha kuandikwa, siku ya shughuli nyingi, foleni ya watu mlangoni. Tulitia sahihi na mhuri bila kufungua daftari. Mwaka ulikuwa umepunguzwa. Kijana alipofika kwenye mchujo, wasimamizi walilinganisha cheti na kumbukumbu za shule yake ya msingi, wakamtoa mbele ya wenzake. Aliporudi nyumbani watoto walimpachika jina la “Babu.” Akaacha mpira, na baada ya mpira akaacha shule. Leo ni dereva wa bodaboda, kijana mzuri na mchapakazi, na kila anapotupita hupunguza mwendo na kutusalimu. Salamu ile hutuchoma kuliko tusi. Hatukumwandikia uongo kwa mkono wetu, lakini uvivu wetu wa dakika mbili uliupigia uongo ule mhuri. Kwa hiyo mzee wetu aelewe kwamba tulipomkatalia, tulikuwa tunamwona yule wa Kibondo nyuma ya mgongo wa mwanawe.

Daftari la ubatizo lina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Katika nyanda hizi wazee wengi hawakusajili watoto wao serikalini kwa wakati, na cheti cha ubatizo ndicho hutumika kama uthibitisho wakati wa kuomba cheti cha kuzaliwa kwa kuchelewa. Ukiharibu tarakimu moja hapa, uongo unahamia RITA, unahamia kitambulisho cha taifa, unahamia pasipoti, na siku moja unahamia katika karatasi za ndoa na za mafao. Kwetu hapa mpakani, ambako kwa miongo mingi tumeishi pamoja na ndugu waliokimbia vita, kule Nyarugusu tangu 1996 na kule Nduta, tunajua vizuri kuliko wengine jinsi mtu anavyoteseka asipokuwa na karatasi ya kweli inayosema yeye ni nani na amezaliwa lini. Wapo ambao wangetoa kila walicho nacho kupata cheti kimoja cha kweli. Sisi tulicho nacho tukichafue kwa hiari?

Basi, tufanye nini? Tuna ushauri wa namna tatu, na si wa kinadharia.

Kwanza, mtoto asajiliwe angali mchanga, kabla ndoto yoyote haijamjia mtu kichwani. Tarehe iliyoandikwa wakati hakuna faida ya kudanganya ndiyo inayoaminika.

Pili, yeyote anayedai fedha kwa mzazi ili “ampeleke” kijana, aogopwe. Klabu inayomtaka mchezaji ndiyo hulipa, haimtozi mkulima. Tangu mwaka 2023 FIFA imerudisha utaratibu wa mawakala kufanya mtihani na kupewa leseni, kwa hiyo mzazi ana haki ya kuuliza, “Leseni yako iko wapi?” Tena kwa kawaida FIFA hairuhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishiwa nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Anayemwahidi mtoto wa miaka 16 Ulaya mwakani, ama hajui kanuni, ama anajua kwamba mzazi hazijui.

Tatu, tuwape vijana njia ya kweli badala ya kuwakataza tu. Kijana wa miaka 18 ana nafasi bado. Mariga alikuwa na umri kama huo alipokwenda Sweden, tena kwenye klabu ndogo. Zipo ligi za wilaya na za mkoa, zipo UMISSETA kwa walio shuleni, zipo timu za madaraja ya chini zinazotafuta wachezaji bila kuuliza kama wana miaka 16. Kijana wa mzee wetu akicheza kama mtu wa miaka 18, ataonekana kwa alivyo. Akicheza kama mtu wa miaka 16, atasifiwa kwa kuwazidi wadogo zake nguvu, na sifa hiyo itakwisha siku atakapokutana na rika lake.

Jumamosi hii, Mungu akipenda, tutakwenda kigangoni kumtembelea mzee huyo. Hatutakwenda na hotuba. Tutamwomba asiuze shamba, na tutamwomba atuonyeshe kijana wake akicheza. Tumezungumza pia na kocha mmoja wa timu ya wilaya, naye amekubali kufuatana nasi, akijua umri halisi wa kijana. Kama kipaji kipo, kitaonekana bila tarakimu ya uongo. Kama hakipo cha kutosha, nusu ile ya shamba bado itakuwa ya familia, na mahindi yatapandwa msimu ujao kama kawaida.

Kuhusu cheti, tumekitoa upya na kukiweka katika bahasha safi, maana kile cha zamani kilikuwa kimechakaa kwa kukunjwa. Mwaka ulioandikwa ni 2007, kama ulivyo katika daftari.

Tukutane tena juma lijalo. Mbaki na amani.